Mwacheni dogo na "off of" yake

Kuna watu wakisikia kosa la Kiingereza wanafurahi kuliko wameokota hela. Jumatatu kikaoni, kijana wetu wa fildi anasoma ripoti yake, akafika mahali akasema "the label came off of the carton". Bosi akamkatisha palepale. "Hakuna 'off of' kwenye Kiingereza! Nyie shule mmesoma wapi?" Watu wakacheka. Bosi huyohuyo dakika chache kabla alitutangazia kuwa wageni watafika "kwenye ofisini" saa nane. Kwenye ofisini! Hakuna hata aliyekohoa.

Hakuna, eti? Simpcox, yule tapeli wa tamthilia ya Henry VI sehemu ya pili, akiulizwa kilema amekipataje anajibu: "A fall off of a tree." Shakespeare huyo, kwenye chapa ya 1623. Bosi ampelekee barua ya onyo. Mwaka 1965 bendi ya Rolling Stones, Waingereza wa London, wakatoa "Get Off of My Cloud", dunia ikacheza. Wamarekani ndiyo usiseme, wanaongea hivyo kila siku.

Halafu wanaojimwambafai na sarufi hawajui kwamba "off" na "of" asili yake ni neno moja. Likitamkwa kwa mkazo likawa hivi, bila mkazo likawa vile, tahajia zikafuata, mwisho zikaachana kabisa. Sasa wanasema kuyaweka yote mawili ni kurudia. Haya. Mbona "out of" hawaigusi? Sema "get out of the car", hakuna anayeshtuka. Sema "get off of the bus", kikao kinasimama. Hiyo "of" ya kwanza inafanya kazi gani ambayo ya pili haifanyi? Ni mazoea tu, na mazoea ya nani, mnajua wenyewe.

Dogo huyu amesoma msingi shule ya serikali, kwa Kiswahili. Kafika kidato cha kwanza, baiolojia ung'eng'e, jiografia ung'eng'e, hesabu ung'eng'e. Amejifunza lugha na somo kwa mpigo mmoja, na leo kaandika ripoti inayoeleweka mwanzo mwisho. Halafu tunamuuliza kasoma wapi. Iliniuma.

Nakubali, kwa shingo upande: ripoti ikienda kwa wafadhili, hata mimi hiyo "of" ningeifuta, maana wahariri wengi hawaitaki kwenye maandishi rasmi. Unamwita mtu mezani, unamwonyesha, anafuta. Dakika moja.