Nimeitwa mla michango ya harusi kisa apdeti

Laptopu yangu ilikuwa inakaa na chaji masaa matatu. Sio masaa kumi kama zile za wanaokunywa kahawa Masaki, matatu tu, na yalikuwa yananitosha, nafungua, naandika michango ya kamati, nafunga, nalala. Ni ya mtumba, nilinunua 2020 ikiwa imeshatumika Ulaya na mtu nisiyemjua, na tumeishi nayo kwa amani mpaka Jumanne moja ikaniletea kitangazo pale konani, eti toleo jipya liko tayari, kifaa chako kitakuwa chepesi na salama zaidi. Nikabonyeza baadae. Kesho yake kikaja tena, nikabonyeza baadae. Yani kama mama wa kikoba anayefuata rejesho. Siku ya nne tamaa ikaniingia, si wamesema chepesi, nikabonyeza sawa.

Ikala giga nne za bando na usiku mzima. Asilimia 30 nimekaa nayo mpaka nikamaliza ugali, 31 nimeoga, 74 sikumbuki, nilikuwa nimelala na kiti. Asubuhi nakuta imewaka, rangi mpya, vitufe vimehamishwa, kioo kina picha ya ziwa ambalo hata sijui ni la nchi gani. Ilipendeza kwa kweli. Saa mbili kamili nikachomoa chaja, saa tatu na dakika 20 ikazima. Lisaa limoja na dakika 20!

Kwanza nikamgombeza mama watoto kwamba amechomeka pasi kwenye ekstensheni ya laptopu ndo imeiharibu. Akaniangalia tu. Mnalijua lile jicho.

Sasa nieleze kwa nini kwangu hili ni jambo zito. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya mpwa wangu, na mweka hazina wa harusi ndiye mtu mmoja tu anayetunza ahadi za watu waliosema laki tatu mbele ya bia halafu wakapotea kama moshi. Jumapili kikao, baa moja pale Sinza, watu kama 22, zamu yangu kusoma taarifa. Nikacheki betri asilimia 34, nikasema inatosha hii, majina tu. Nikaanza na herufi A, waliolipa, makofi, waliolipa, makofi, nikakohoa kidogo nikasema "na ambao hawajakamilisha ahadi zao ni wafuatao", kioo kikazima. Kutoka 34 mpaka sifuri bila kupita hata 33.

Kimyaa. Halafu shemeji mmoja, ambaye deni lake nalijua kwa kichwa, aliahidi laki tatu ametoa elfu 20, akasema kwa ile sauti ya upole ya mtu mbaya, "mweka hazina, hesabu zimekataa kutoka au wewe ndo hutaki zitoke?" Watu wakacheka mpaka mhudumu akacheka na hajui kinachochekwa. Jumatatu nikapigiwa simu na mama mdogo kutoka Morogoro, "mwanangu kama una shida si ungesema, kuliko kugusa hela ya watu."

Nikaenda Kariakoo kwa fundi. Hakuifungua hata, kaipima uzito mkononi kama nyanya, akasema betri imekufa bosi, orijino laki na ishirini. Namuuliza orijino ya kampuni gani, ananijibu orijino ya hii hii. Nikamwambia nakuja. Sijarudi.

Mtu aliyenisaidia ni mpwa wangu mwingine, yuko chuo anasoma mambo ya kompyuta, alikuja nyumbani kula, akaishika kwa mkono mmoja na mwingine uko kwenye chapati. "Anko, mbona kioo kinawaka hivi?" Kumbe tangu apdeti mwanga ulikuwa asilimia mia, nimekaa sebuleni na taa ya uwanja wa mpira nadhani ndo uzuri wa toleo jipya. Akapunguza. Akafungua ile orodha ya nani anakula nini humo ndani, na hapo ndo nilitamani kulia, maana ilikuwa kama nyumba ya urithi, kila mtu ana chumba na hakuna anayelipa.

La kwanza, baada ya apdeti kubwa mashine inaanza kusoma upya mafaili yako yote, moja moja, ili siku ukitafuta kitu ikupatie haraka. Kazi hiyo inaweza kuchukua siku nzima na zaidi, inakula chaji kwelikweli, ila ukiiacha imewaka na imechomekwa inamaliza na mambo yanatulia. Sasa mi kila usiku nilikuwa naizima kabisa ili ipumzike, namwonea huruma, kwa hiyo kila asubuhi inaamka inaendelea na kusoma pale ilipoishia. Wiki mbili! Inasoma nini muda wote huo, nina barua sita za kuomba kazi na nyimbo za taarabu.

Kulikuwa na programu ya mikutano ya video ambayo sijawahi kufanya nayo mkutano, inajiwasha yenyewe kila asubuhi kama jogoo. Kulikuwa na kingine kinaangalia hali ya hewa kila baada ya muda, hali ya hewa jamani, nikitaka kujua mvua si natoa kichwa dirishani. Picha zote za simu zinapandishwa upya intaneti. Na brauza nayo ina tabu 27 zimefunguliwa, na aliyeziita tabu alikuwa na akili, maana ni tabu kweli. Akazifunga, roho ikaniuma kwenye ile ya bei za mahema.

Lililonishangaza zaidi ni la kulala. Mi nikifunga mfuniko najua imelala. Haijalala! Imefumba macho tu, humo ndani ya begi inaendelea na mambo yake, waifai iko hewani, ndo maana siku ile ya Sinza nilipofungua begi kwenye daladala lilikuwa na moto kama nimebeba hotpoti, na abiria wa pembeni akaniuliza kama ni vitumbua. Mpwa akaiwekea mfuniko ukifungwa iwe inahifadhi kazi na kuzima kabisa. Akabadilisha na draiva ya kioo, yani kile kiprogramu kinachokiendesha, iliyokuja na apdeti ni ya jumla jumla, akashusha ile ya watengenezaji wenyewe.

Halafu akatoa ripoti ya betri. Betri hii ilizaliwa na uwezo wa wati-saa 41, leo inabeba 23. Yani ile asilimia mia ninayoiona ni mia ya kilichobaki, sawa na pipa lililojaa mchanga karibu nusu, ukitia maji litajaa kweli, ila maji ni nusu pipa. Kwa hiyo fundi hakudanganya kote, kadanganya bei tu. Na aliyeichosha ni mimi, miaka yote imechomekwa usiku kucha ikiwa mia, juu ya godoro, joto linapita humo, na betri za lithiamu hazipendi joto wala kukaa zimejaa muda wote. Hizi betri zilianza kuuzwa 1991, na 2019 walioziasisi watatu wakapewa Nobel ya kemia, mmoja wao John Goodenough, alikuwa na miaka 97, hakuna aliyewahi kuipokea Nobel akiwa mzee kuliko yeye. Jina lake ukilitia kwenye Kiswahili ni Mzee Inatosha. Mzee Inatosha kaleta betri, ya kwangu haitoshi kusoma majina 22.

Ile ya kuruka kutoka 34 kwenda sifuri ni kipimo kupoteza hesabu, dawa yake unaijaza mpaka mia, unaiacha iishe yenyewe mpaka izime, halafu unaijaza tena moja kwa moja bila kuchomoa. Rahisi. Imefika 62 Luku ikaisha. Nikaanza upya kesho yake.

Mwisho wa yote ilikuwa inakula wati 17 saivi haifiki 9, chaji inakaa masaa mawili na dakika 40. Nikaenda kikao cha pili kifua mbele.

Shemeji akanyoosha mkono kabla hata ya sala. "Mwenyekiti, napendekeza taarifa ya hazina iwe ya mwisho, tuanze na mengineyo." Wakaunga mkono watu tisa, na wote tisa nawajua. Tukajadili rangi ya vitambaa vya meza dakika 50. Keki iwe ghorofa tatu au nne. Shemeji akauliza kama MC anajua Kingereza, akauliza tena kama anajua Kichaga, kila akiuliza anakichungulia kioo changu. Asilimia 40. 22. 11. Ikafika 6 ndo mwenyekiti akasema karibu mweka hazina, kwa kifupi tafadhali.

Nikasimama nikasema leo naanza na wadaiwa, na naanza kutoka mwisho, herufi Z kurudi nyuma.

Jina la shemeji linaanza na Y.