Haikuwa staili, nilikuwa nimejishona

Kwa kuwa shoga yangu ameshairusha klipu ya sherehe ya mwali wetu kwenye magrupu matatu na kuandika "shangazi kavuliwa gauni na zawadi yake mwenyewe," naomba na mimi nisikilizwe. Gauni halikuvuka. Lilipanda tu. Lilipanda hadi wapi, hayo tuyaache.

Mnanijua na viraka vyangu. Blanketi nililomshonea mwali kama zawadi lilikuwa na viraka 168, yaani 12 kwa 14, kila kimoja nimekikata inchi 6½ ili mshono ukishakula robo inchi kila upande kibaki 6. Katikati nimeweka blanketi jembamba la mtumba kutoka Sabasaba, nimelifua kwanza lisije likasinyaa humo ndani na kukunja kila kitu. Mgongoni mwa blanketi (hapa sikilizeni, kesi yote iko hapa) nikaweka kitenge kilekile cha sare ya mashangazi. Pisi mbili: moja gauni, nyingine nikaikata vipande viwili vya inchi 88 nikaviunganisha. Nikajiona mbunifu!

Jumamosi ya sherehe, asubuhi, umeme ukakatika, utepe wa kufunika kingo za blanketi haujapigwa pasi. Cherehani yangu ya miguu haijui umeme ni nini, lakini utepe wa inchi 2½ usipokunjwa katikati ukanyooshwa kwa pasi, unatembea kama nyoka. Nikaazima pasi ya mkaa kwa jirani. Na upepo huu wa Dodoma mwezi wa saba, nusu ya muda nilikuwa napulizia majivu yasitue kwenye viraka vyeupe. Kuja kushtuka, saa 8 mchana. Upande wa mbele nikaupiga utepe kwa cherehani. Kuugeuzia nyuma ni kazi ya mkono: sindano inagusa kitenge cha mgongo, inachota blanketi kidogo, haitokezi upande wa pili. Pande tatu nikamalizia nyumbani. Wa nne nikaenda nao ukumbini.

Meza ya nyuma kabisa, taa za disko, blanketi mapajani. Sindano fupi nimeisahau, ninayo ile ndefu ya kupigia bandi (mishono mirefu ya kushikiza kwa muda), na sindano ndefu inazama kuliko unavyodhani. Ua la mgongo na ua la gauni ni moja, bluu ileile. Nikashona kwa raha zangu, mishono 4 kila inchi, uzi mara mbili, mwisho nikarudisha mara tatu na fundo juu yake, kama ninavyowahubiria humu kila siku.

MC: "Mashangaziiii!"

Nikainuka na blanketi kifuani. Magoti yakapigwa na ubaridi, nikasema feni. Hatua mbili mbele, moja kulia, vigelegele. Nikamfikia mwali, nikamtupia blanketi mabegani. Akalikumbatia, akatokwa na machozi, akalivuta.

Gauni likaja.

Likaja taratibu, kama pazia la dukani asubuhi. Goti likaonekana. Likaonekana la pili. Halafu nikausikia ubaridi mahali ambapo shangazi wa mtu hatakiwi kuusikia mbele ya mama wa bwana harusi. (Aliyebuni taiti, Mungu amzidishie.) Nikainama kulifuata gauni. Mwali akadhani namsalimia kwa heshima, naye akainama, akavuta tena. Nikamnong'oneza, "Usivute mama, nimejishona." Akajibu, "Asante shangazi." Akavuta. MC akadaka kipaza sauti: "Staili mpya hiyo, shangazi kaja nayo!" Kugeuza shingo, mashangazi sita nyuma yangu wameinama, kila mmoja kashika pindo la gauni lake, wanakatika.

Mkasi ulikuwa kwenye pochi, pochi mezani. Mpiga picha ndiye aliyetukata, kwa wembe, baada ya kupiga picha zake zote. Inchi 9, mishono 36, nimeihesabu. Blanketi halikupata hata mchubuko. Jumapili nikairudia sehemu ile kwa sindano fupi, sinia limekaa mapajani, juu ya khanga ya rangi ya machungwa ambayo hata kipofu angeitofautisha.

Mwali kanipigia leo. Anauliza kwenye send-off tutaicheza tena, maana mashangazi wa upande wa pili wameshaanza mazoezi.