Wimbo wa "wenzetu wanajua kutunza"

Jumamosi nilimpeleka mwanangu Nolde Forest, nje kidogo ya mji wa Reading, Pennsylvania. Ni hifadhi ya jimbo, zaidi ya ekari 660, iliyotengwa mahususi kwa kufundishia mazingira. Kuingia bure. Nilitafuta geti mpaka nikajicheka. Nimezoea bei ya mwenyeji na bei ya mgeni.

Mwalimu wa pale, mama wa makamo mwenye buti za matope, aliwaambia watoto waloweshe viganja kwanza, kisha akabinua gogo lililooza. Chini yake kulikuwa na kitu kama mjusi, mgongo mwekundu, ngozi mbichi kama ya chura. Salamanda. Wa aina hii hana mapafu, anapumua kwa ngozi, ndiyo maana hashikwi kwa mkono mkavu. Wakamtazama wee, gogo likarudishwa taratibu kama mtu anayefunika sufuria ya wali.

Sasa, Watanzania wa huku tukifika mahali kama hapa wimbo ni ule ule: wenzetu wanajua kutunza, sisi tunajua kukata. Mimi nimeuacha. Vilima vile vilikatwa vikabaki vipara, miti ikachomwa mkaa wa kuyeyushia chuma. Mwanzoni mwa karne ya 20 tajiri wa kiwanda cha soksi, Jacob Nolde, ndiye aliyeanza kupanda misonobari na jamii zake, kama nusu milioni. Jimbo likainunua ardhi hiyo miaka ya 1960. Msitu tunaoupiga picha ni kiraka kwenye shimo la wachoma mkaa.

Nimekulia Kisarawe. Alfajiri magunia ya mkaa yaliteremka kwa baiskeli kwenda Dar, tukiyahesabu kitandani kwa mlio wa breki. Nimelishwa kwa mkaa huo, simnyooshei mtu kidole. Lakini Pugu, msitu wa jirani na kwetu, haijaisha! Ni msitu wa asili, una mimea isiyoota kwingine duniani. Haujafika walikofika wao.

Ninachowaonea wivu ni yule mama wa buti. Analipwa mshahara kujibu maswali ya watoto kuhusu gogo bovu. Sisi msitu tuliujua kwa adhabu: mchelewaji akachume fimbo, na ndiyo atakayochapwa nayo. (Klabu za Malihai, za kufundisha wanafunzi uhifadhi, zipo tangu 1980, najua, nasema ya shuleni kwetu.) Mwalimu wangu wa miti alikuwa bibi. Alinionyesha mkole, akanieleza kwa nini mwali huchezwa chini yake, akanikataza hata kuvunja kijiti. Hakuna shule iliyowahi kumwita aje aseme hayo darasani, na sasa hayupo.

Kwenye gari mwanangu akauliza: "Mama, tukienda Kisarawe tutabinua gogo?"

Tutabinua, nikamwambia, ila kwa fimbo ndefu, na wewe usimame nyuma yangu. Kwetu chini ya gogo anaweza kuwa swila.