Kadi Mlangoni: Mjane na Rafiki yake Enzi za Mfalme Edward VII wa Uingereza

Mfikirie mwanamke wa tabaka la juu London, mwaka 1905, mumewe kazikwa juzi. Shoga yake wa miaka mingi anafika kwa gari la farasi, anamkabidhi mtumishi kadi yenye jina lake, anaulizia hali ya bibi mwenye nyumba, anaondoka. Kizingiti hakukivuka. Kwetu tuliozoea kukaa matanga, mtu huyo angesemwa mpaka arobaini ipite. Kwao alikuwa katimiza wajibu.

Nianze kwa kumtetea. Kadi ile ilimwachia mfiwa mamlaka juu ya mlango wake. Hakulazimika kusimulia kifo upya kwa kila anayeingia, wala kujikaza mbele ya waliokuja kuchungulia analiaje. Akiwa tayari, alituma kadi za shukrani, na watu wakajua sasa anapokea wageni. Barua za rambirambi alizijibu kwa karatasi yenye ukingo mweusi, ukingo ambao ulipungua upana kadiri miezi ilivyopita. Aliyeipokea alijua mwenzake kafika wapi bila kumhoji. Hapo nawavulia kofia.

Kasoro ni muda. Vitabu vya adabu vilimtaka mjane akae katika nguo za msiba miaka 2 hivi: kwanza nyeusi tupu pamoja na krepu, kitambaa kisichong'aa ambacho kikiloa mvua huweza kuchujia rangi shingoni, baadaye kijivu na zambarau iliyopauka. Mwanamume aliyefiwa na mke hakubanwa hivyo. Malkia Victoria, aliyempoteza mumewe Albert mwaka 1861, alivaa nyeusi hadi kufa kwake mwaka 1901, na kivuli chake hakikuondoka upesi.

Sasa, urafiki wa watu wale ulikuwa unaishi wapi? Kwenye karamu, opera, mbio za farasi, na mwisho wa wiki katika majumba ya mashamba. Kote huko mjane hakutarajiwa kuonekana. Edward VII alipofariki tarehe 6 Mei 1910, mwezi uliofuata wakubwa walikwenda kwenye mbio za farasi za Ascot kama kawaida, ila wamevaa nyeusi, wanawake na kofia pana zenye manyoya meusi. Msiba wa taifa zima ulibadilisha rangi ya nguo tu, starehe ikaendelea. Msiba wa mke mmoja ulimfungia ndani.

Kuna watakaosema sheria hazikuwa kali kiasi hicho, na ni kweli: ndugu na marafiki wa chanda na pete waliruhusiwa kuingia mapema. Ndiyo maana yule wa 1905 simlaumu kwa kadi ya wiki ya kwanza. Ningemuuliza alikuwa wapi mwezi wa nane tangu mazishi, karamu zimepamba moto mjini, na shoga yake anakula chakula cha usiku peke yake kwenye meza ya watu 20.