New Jersey ilivyojivua redio na runinga yake

New Jersey, jimbo la Marekani, ina watu wapatao milioni 9, lakini kwenye runinga ni kama haipo. Wa kaskazini wanatazama stesheni za New York, wa kusini za Philadelphia, na waandishi wa miji hiyo huvuka mto Hudson au Delaware pakiwa na mafuriko au kashfa. Pengo hilo lilizibwa na NJN, shirika la utangazaji la jimbo lililoanza kurusha matangazo mwaka 1971: vituo vinne vya runinga, baadaye tisa vya redio, na taarifa ya habari iliyokuwa na mtu wake Trenton, makao makuu ya jimbo, hata siku ambazo hakuna kashfa.

Tarehe 30 Juni 2011, chini ya Gavana Chris Christie, NJN ilifungwa. Redio ziliuzwa: za kaskazini kwa redio ya umma WNYC ya New York, za kusini kwa shirika la umma WHYY ya Philadelphia. Leseni za runinga zilibaki kwa jimbo, ila uendeshaji ukapewa shirika la runinga ya umma WNET. Nayo ni ya New York.

Christie alisema serikali haipaswi kuendesha shirika la utangazaji, na hakuwa anapiga porojo. Achana na habari ya kubana matumizi. Swali zito ni jinsi mwandishi anayelipwa na serikali atakavyombana gavana anayetia saini bajeti yake. Watetezi wa utangazaji wa umma Marekani hulipitia juujuu. Sisi tuliokulia na taarifa ya habari inayoanza na "Mheshimiwa Rais leo" hatuhitaji kuelezwa.

Lakini kumtoa gavana mlangoni ni jambo moja, kumkabidhi jirani funguo ni jingine. Maine ilipata njia ya tatu: mwaka 1992 mtandao wa chuo kikuu cha jimbo uliunganishwa na kituo cha vyuo binafsi, likazaliwa shirika huru lisilo la faida, lenye makao humohumo Maine. New Jersey ingeweza kufanya hivyo. Badala yake, mwaka 2017 masafa ya vituo viwili yalipelekwa kwenye mnada wa serikali kuu, jimbo likavuna dola milioni 332. Mwaka uliofuata Gavana Phil Murphy alitia saini sheria ya mfuko wa kusaidia habari za miji na vitongoji vya jimbo, bajeti ikautengea milioni 5. Tofauti ya tarakimu hizo mbili inanitosha kujua nani aliithamini nini.

Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 za utangazaji wa umma, na jimbo nalo likapunguza mchango wake. Septemba WNET ikatangaza kwamba mkataba ukiisha 30 Juni 2026 inaondoka. Leseni za runinga bado ni mali ya jimbo, kwa hiyo linaweza kutafuta mwendeshaji mwingine. Kwenye redio halina hata leseni moja ya kumkabidhi mtu.