Wosia wa Mwenye Nyumba

Tangu wapangaji wenzangu hapa Ng'ong'ona, Dodoma, watangaze kwamba ninasoma sheria ya wosia na mirathi, sijapata tena kunywa chai ikiwa ya moto. Kondakta wa daladala amekwisha kunizuilia chenji hadi nimweleze kama mke aliyeachwa anarithi. Shangazi yangu wa Kongwa hupiga simu saa tano za usiku kuulizia shamba la marehemu ambaye, kwa taarifa nilizonazo, yu hai. Hayo nilikuwa nimeyazoea.

Leo alfajiri mwenye nyumba amegonga mlango wangu. Nikajilaza kimya kama maiti, nikijua ni kodi, lakini yeye akanisalimu kwa upole, kwa Kigogo, "Mbukwa, wakili." Mtu anayekudai kodi ya miezi miwili akikuita wakili, afadhali angekutukana.

Alitaka nimwandikie wosia. Nikamjibu, kwa utulivu unaoistahili taaluma yangu, kwamba nchi hii ina sheria tatu za mirathi, yaani ya kimila, ya Kiislamu na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, na kwamba ni lazima kwanza tujue yeye yuko chini ya ipi. Akauliza India imeingiaje Dodoma. Nikakiri kwamba Waingereza ndio walioileta, kwamba Wahindi wenyewe waliiacha mwaka 1925 wakatunga nyingine, na kwamba mimi nina mtihani wake Jumatatu. Akanitazama kwa huruma.

"Ndiyo maana kodi inakushinda, mwanangu."

Tukachagua ya kimila, iliyotangazwa mwaka 1963, tukakaa chini ya mwarobaini, yeye kwenye kigoda na mimi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamweleza kwamba anahitaji mashahidi wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, na kwamba mke aliyepo nyumbani naye sharti ashuhudie. Mzee akaninong'oneza kwamba mama asijue. Mama alikuwa anapepeta uwele hatua tano kutoka tulipokaa, na ungo ulikuwa umekwisha kunyamaza.

Shida yenyewe ilikuwa mtoto wa pili, aliyeuza mbuzi bila ruhusa. Mzee alitaka asipate hata jembe. Nikasema sheria hairuhusu kumnyima mrithi kwa sababu ya mbuzi: ni lazima awe amezini na mke wa mwenye wosia, au amejaribu kumuua, au hakumtunza wakati wa njaa au ugonjwa bila sababu ya haki, na hata hapo apewe nafasi ya kujitetea.

"Andika njaa," akasema.

"Njaa ya lini, mzee?"

"Jana. Ugali ulichelewa mpaka saa tisa."

"Ugali napika mimi," akasema mama. "Hebu niambie, wakili, asipoandika kitu, binti zangu wanapata nini?"

Nikajibu kwamba kwa kanuni hizo watoto wa kike wako daraja la tatu.

"Kama behewa?"

Nikatamani kujificha ndani ya ile ndoo. Nilitetea, nikalaani, nikataja Katiba, nikajikuta ninapiga kelele kana kwamba kanuni hizo nilizitunga mimi, ilhali mwaka 1963 baba yangu alikuwa hajajua hata kutambaa. Mama akasema basi mabinti waandikwe kwanza, na wakaandikwa kwanza, kwa kalamu yangu ya wino, ambayo mzee ameiweka mfukoni hadi sasa.

Yakafuata shamba la zabibu la Hombolo, ng'ombe saba, nyumba na baiskeli. Nikauliza kama kuna mali nyingine, na kwa bidii ya kipumbavu nikamkumbusha kwamba hata deni ambalo marehemu anadai watu ni sehemu ya mirathi.

Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nipange kwake. Kipengele cha tano, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ni kodi yangu ya miezi miwili, na ameachiwa yule muuza mbuzi.