Asembli vyuoni: tatizo si lugha, ni namna inavyofundishwa

Mbeya, ambako Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kipo eneo la Iyunga, na Iringa yenye vyuo vyake, wanafunzi wa kompyuta huuliza swali lile lile: kwa nini tujifunze lugha ya asembli, inayoiamuru prosesa ya kompyuta hatua moja moja, ilhali kazi zinazotangazwa zinamtaka mtu wa kutengeneza tovuti, kanzidata na mifumo ya malipo kwa simu? Swali hilo halitokani na uvivu, kama baadhi ya walimu wanavyopenda kudai, na jibu la kwamba "hiyo ndiyo misingi" halimridhishi mtu.

Prosesa haijui maneno; inapokea namba. Katika prosesa ya Intel 8086, iliyotoka mwaka 1978, baiti mbili (baiti ni biti nane, yaani tarakimu nane za 0 au 1) B0 na 61, zikiandikwa kwa mfumo wa namba wa kumi na sita, huiamuru prosesa iweke 97 katika rejista AL, mojawapo ya nafasi ndogo za kuhifadhia namba ndani ya prosesa. Mwandishi wa programu huandika MOV AL, 97, na asembla, programu ya kutafsiri asembli, humgeuzia mstari huo kuwa baiti hizo mbili. Kwa hiyo, karibu kila mstari wa asembli ni amri moja ya prosesa, na mwandishi hana zana nyingine isipokuwa rejista chache, kumbukumbu, na bendera zinazoeleza hesabu iliyopita imeishaje.

Wanaoipinga wana hoja nzito. Asembli haihami: programu ya 8086 haiwezi kuendeshwa moja kwa moja na simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi, kwa kuwa prosesa ya simu hiyo kwa kawaida ni ya jamii ya ARM, yenye rejista na amri zake. Mfumo wa uendeshaji wa Unix wenyewe, ulioanza kwa asembli, uliandikwa upya kwa lugha ya C mwaka 1973, na tangu hapo kompaila, programu zinazotafsiri lugha kama C kuwa amri za prosesa, zimezidi kuwa hodari kiasi kwamba ni wachache wanaoweza kuzishinda kwa mkono. Naongeza ushahidi wangu: nilisoma somo hili kwa kunakili majina ya rejista kutoka ubaoni na kuyamwaga kwenye mtihani, bila kuona hata programu moja ikiendeshwa. Kwa somo la namna hiyo, wapinzani wamenishawishi kabisa.

Lakini tuchukue kifaa ambacho kijana wa Mbarali angeweza kukitengeneza kwa ajili ya shamba la mpunga: bodi ndogo ya Arduino Uno inayohesabu mapigo ya mita ya maji kwenye mfereji. Maikrokontrola yake, yaani chipu ndogo yenye prosesa na kumbukumbu pamoja, ni ATmega328P; ina kumbukumbu ya kazi ya baiti 2,048 tu, na hushughulikia biti 8 kwa wakati mmoja. Hesabu ya mapigo inahitaji biti 16, yaani baiti mbili. Katika lugha ya C, kuisoma hesabu hiyo ni mstari mmoja. Katika asembli ni amri mbili, ya kwanza ikichukua baiti ya chini na ya pili baiti ya juu. Sasa tuseme hesabu imefika 255. Programu inachukua baiti ya chini, ambayo ni 255; papo hapo pigo jipya linaikatiza, yaani linaisimamisha kidogo ili lihesabiwe, hesabu inapanda hadi 256, kisha programu inarudi na kuchukua baiti ya juu, ambayo sasa ni 1. Kwa kuwa 1 ya baiti ya juu ina thamani ya 256, matokeo yake ni 256 na 255, yaani 511. Maji hayakuongezeka, mita haikuharibika, na mstari wa C hauna kosa linaloonekana kwa macho.

Mpinzani atajibu kwamba inatosha kumfundisha mwanafunzi kanuni: zuia ukatizaji kabla ya kusoma hesabu, kisha uruhusu tena. Ni kweli, na kanuni hiyo inafanya kazi. Ugumu ni kwamba haihitajiki kwa namba ya baiti moja, wala kwa kawaida haihitajiki kwa hesabu hiyo ya biti 16 katika chipu ya biti 32, ambayo huisoma kwa amri moja. Programu iliyokwenda vizuri kwenye chipu kubwa inaweza basi kukosea kwenye ndogo, tena mara moja moja tu, na aliyeishika kanuni bila kujua sababu yake atabadilisha nyaya na mita siku nzima, kama fundi wa pawatila anayebadilisha plagi wakati kasoro iko kwenye giaboksi.

Kwa maoni yangu, asembli ifundishwe kwa wiki chache, kwa kuisoma zaidi kuliko kuiandika: mwanafunzi aandike mistari mitano ya C, aiombe kompaila imwonyeshe asembli iliyotoa, kisha aeleze kila amri inafanya nini. Gharama si kikwazo kikubwa, kwani kompaila ya AVR, jamii ya chipu ambayo ATmega328P ni mojawapo, hupatikana bure na asiye na bodi anaweza kutumia kiigizaji cha chipu kwenye kompyuta ya kawaida. Kikwazo kigumu zaidi ni mtihani, kwa sababu swali la "taja rejista nne za 8086" husahihishwa kwa dakika moja, ilhali maelezo ya mwanafunzi kuhusu ile 511 yanamlazimu mwalimu asome ukurasa mzima.